Aliyekaza Prizi za Mwanawe

Hakuwa akiingia katika nyumba ya mtu kama watu wengine wanavyoingia. Wewe utapiga hodi, utaulizwa habari, utapewa kiti, ndipo utasema kilichokuleta. Yeye alipita moja kwa moja hadi kwenye kibambazi, ule ukuta wa ndani, akainama, akaweka vidole viwili juu ya prizi, ile soketi ya umeme, na kuitikisa kama daktari anayeshika jino. Ikitulia, aligeuka akasema, "Moyo wenu, bantu ba humu." Ikicheza, hakusalimia. Alisema, "Munalala na nyoka mu kibambazi," akaenda zake kuleta turnevisi, bisibisi yake.

Tulimwita Mama Mwimbishaji, kwa sababu ndiye aliyefundisha kwaya ya parokia yetu hapa Likasi tangu zamani. Jina lake nalijua. Sitaliandika. Majina nitakayoandika kwanza ni ya wale waliokosa, na hayo nitayaandika vizuri, herufi zote. Shule nilisoma kidogo, lakini kuandika jina la muntu najua.

La kwanza ni Kapend, mwenye nyumba. Alinunua nyumba ya matofali ya kampuni ya zamani, akaikatakata ndani kwa jipsi, zile mbao nyeupe za chokaa na karatasi, ili sebule moja izae vyumba vinne vya kupangisha. Kati ya jipsi na jipsi kuna miti myembamba tu ya kushikilia, na utupu wanamopita panya. La pili ni Fiston, aliyeweka umeme humo. Alitoboa jipsi kwa kisu cha jikoni, tundu likawa kubwa kuliko bwati, kile kikopo cha plastiki kinachokaa ndani ya ukuta kuishika prizi. Akajaza gazeti pembeni, akapaka chokaa juu, akaondoka. La tatu ni Mulamba, mkubwa wa avenue, yaani wa barabara yetu, aliyetangaza kwamba moto ulioshika chumba tulichopanga humo uliletwa na mshumaa. Ilikuwa mchana. Jua la Oktoba limetusimamia utosini, na mdogo wangu Béa, kwa akili ya Mulamba, aliwasha mshumaa apate kuliona jua vizuri.

Béa alikuwa amelala. Umeme ulikuwa umeenda tangu asubuhi, kama unavyoenda. Mimi nilikuwa kwenye bomba, napanga foleni ya maji. Umeme uliporudi, ulirudi na nguvu zake zote katika prizi iliyokuwa ikicheza. Nyuma ya prizi kulikuwa na gazeti, na mbele yake godoro. Godoro lilikuwa pale kwa sababu tulimwambia Kapend kwamba prizi inachomoka, naye akajibu, "Musukume kitanda, kitaishika." Tukasukuma. Mkono wangu wa kushoto, huu uliojikunja kama utando wa maziwa, uliungua nilipomvuta Béa. Nilimtoa. Nilitoa kitu ambacho hakikuwa tena mdogo wangu.

Huyo Fiston alikuwa mwana wa Mama Mwimbishaji. Wa kuzaa, wa tumbo lake, kitinda mimba. Naliweka hapa mwanzoni ili mtu asifikiri nalificha. Mtaa wote ulijua. Yeye alijua, mimi nilijua, na alijua kwamba najua. Fiston alikimbilia machimbo ya Kakanda kabla matanga hayajaisha, hakurudi kuishi hapa. Mama yake hakwenda popote. Na katika miaka yote niliyoishi karibu naye nilingojea neno moja tu kutoka kinywani mwake, kwamba ni mwanawe aliyefanya hivyo. Aliimba, alitukana, alikaza prizi za watu. Neno hilo hakulitoa.

Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili ya Kamatanda, na kwenye mazoezi ya kwaya hakumwacha mtu. Mwanamke mmoja wa sauti ya juu aliambiwa anaimba kama mbuzi aliyesikia habari za Noeli. Mwanamume wa besi aliambiwa, "Papa, sauti yako iko chini sana, hata bachimbaji ba mine habawezi kuifikia." Watu walicheka, yeye hakucheka. Alipiga kofi moja, wakaanza upya. Kuanza upya ndiyo ilikuwa dini yake. Wimbo ukikosewa katikati, hakukubali muendelee kutoka pale mlipokosea. Mlirudi mwanzo, hata kama padri ameshavaa na kengele imeshalia.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa mchelewaji mkubwa, na alidanganya bila haya. Alimwambia padri alichelewa kwa sababu ya taxi-bus, na nyumba yake ilitazamana na kanisa. Alikataza watu kuvuta waya wa pasi badala ya kushika kichwa chake, na kwake alipiga pasi ya mkaa. Umeme hakuupenda kabisa. Alipika kwenye mbabula, jiko la mkaa, akawasha taa pale tu aliposhindwa kuona bukari, ule ugali wake. Kitu kimoja tu kilimshinda, televisheni. Sinema za kupendana na kulaaniana alizitazama akiwa amesimama, akiwatukana wachezaji, "Mujinga weye, fungua mulango, mume wako iko nyuma ya mulango!"

Siku moja, katikati ya mahubiri, aliinuka kutoka kwenye kwaya, akapita mbele ya altare na kuinama penye prizi ya kipaza sauti.

"Mama," padri akasema, "tuko mu mahubiri."

"Ndiyo, mon père. Na hii prizi nayo iko nahubiri. Nyamaza kidogo, utaisikia."

Padri akanyamaza. Kanisa zima tukasikia, tss, tss, tss, ndani ya ukuta. Mahubiri yakaisha hapo, na kuna waliomshukuru kwa mambo yote mawili.

Msidhani alikuwa fundi. Vidole vyake vilikuwa vinene na haraka zake nyingi, na ubao wa kwanza aliopitisha ndani ya jipsi ili ushikilie prizi ulimdondokea humo ukutani. Uko humo mpaka leo, kwa jirani yetu Mama Odette, ukigonga mlango unausikia unacheza. Kwa huyo huyo Mama Odette alifanya kosa ambalo sisi watu wa hapa wote tunalifanya. Umeme ukienda tunasema, aa, sasa ni salama, tutengeneze. Hatukati chochote, maana tunaona umeshakatwa. Mama Mwimbishaji aliingiza vidole ndani ya bwati, umeme umeenda, amani tupu. Ukarudi. Ulimrusha hadi kwenye sufuria ya bukari, akakaa ndani yake.

Mama Odette alisimulia hadithi hiyo mpaka watoto wakaijua kwa moyo. Lakini yule aliyeangukia bukari alitoka na sheria yake, akaishika kuliko amri za Kanisa: "Courant yenye kujiendea yenyewe, itajirudia yenyewe. Weye kata." Na kukata hakukutosha, maana katika nyumba zetu za vyumba vingi, ukikata kwenye dijonteri, kile kiwashio kikubwa cha ukumbini, mpangaji mwenzako anayetaka kuchaji simu atakuja akiwashe bila kuuliza. Kwa hiyo aliweka mtu. Mtu asimame penye dijonteri, mkono juu yake, aimbe. Wimbo wowote, mradi usikike. Wimbo ukisikika, mwenye kukaza aendelee na vidole ndani. Wimbo ukikatika, hata kwa kikohozi, atoe mkono kwanza, aulize baadaye. "Wimbo njo kufuli," alisema, wimbo ndio kufuli. Nimewahi kuwaona mafundi wa kweli wakimcheka kwa jambo hilo. Hakuna aliyemcheka halafu akaingiza mkono bila mtu wa kuimba.

Kwangu alikuja nikiwa nimehamia chumba kingine, nacho cha jipsi. Asiye na kitu hachagui kibambazi. Sikuchomeka kitu hata kimoja humo. Nilishona kwa cherehani ya miguu, nikaangaziwa na dirisha, na prizi nilikuwa nimeiziba kwa picha ya Bikira Maria. Akaingia bila hodi, akabandua picha.

"Umemuweka Mama Maria juu ya prizi? Unataka Yeye njo aanze kuungua?"

"Toka mu nyumba yangu."

"Nitatoka. Iko nacheza. Nitarudi."

"Usirudi, mama. Weye kati ya bantu bote, usirudi."

Alielewa nilichosema. Niliona shingo yake ikielewa. Akaiweka picha mezani, uso juu, taratibu, akatoka. Kesho yake akarudi na kopo la biskuti lililojaa visi, zile skrubu, pamoja na turnevisi, kisu na vipande vya ubao. Akakaa mlangoni kwangu anachambua maharagwe.

"Weye njo utaikaza," akasema. "Minye nitaimba."

"Sishiki hiyo kitu."

"Basi tutachambua maharagwe."

Alikuja hivyo siku baada ya siku. Wateja wangu waliokuja kupima nguo walimruka mlangoni. Nilimtukana, alinijibu kwa tusi bora. Nikanyamaza, akaimba. Mwisho nilichoka, au maharagwe yalikwisha, sijui. Nikashika turnevisi kwa mkono wa kulia, na huu wa kushoto nikauficha nyuma.

"Na huo mwingine," akasema. "Prizi inataka mikono mbili."

Akaenda ukumbini, nikasikia dijonteri inashuka, kisha sauti yake. Alikuwa na sauti nzito, iliyovunjika pembeni kama sahani ya zamani. Nilifungua kifuniko, nikavuta prizi, nikaiona bwati inaning'inia kwa waya zake katika tundu lenye meno. Jasho lilinitoka mpaka nikadhani ni maji ya bomba. Alikuwa amenieleza kila hatua, nami niliifuata kama anavyofuata mtu anayevuka mto gizani. Unachukua ubao mwembamba, mrefu kupita tundu. Unapiga visi moja katikati yake, isizame, iwe kishikio. Unaufunga uzi, kwa sababu ya yale ya Mama Odette. Uzi nilikuwa nao, ni kazi yangu. Unauingiza ubao kwa mshazari ndani ya tundu, unaugeuza, unauvuta uikumbatie jipsi kwa nyuma, pembeni mwa tundu. Halafu unakaza visi kutoka mbele, moja upande huu, moja upande huu, mpaka jipsi inabanwa katikati. Sasa ukuta uliokuwa karatasi umekuwa na mfupa. Unatoa kile kishikio, unairudisha bwati, unaikaza kwenye ubao. Chokaa mwishoni, ni ya macho tu. Fiston alianza na chokaa.

Nilipomaliza nilisema, "Rudisha," naye akarudisha. Akaja, akaitikisa. Haikucheza.

"Umekaza kama mushonaji," alisema. Mpaka leo sijui kama alinisifu.

Baada ya hapo nilitembea naye. Watu walisema tumepatana. Hatukupatana. Nilitembea naye kwa sababu alizifuata prizi za Fiston, nyumba kwa nyumba, zote alizoweka katika vyumba vya jipsi vya mtaa wetu, na nilitaka kuwapo siku atakayosema kwa nini anazifuata. Alizitambua bila kuuliza, kwa gazeti ndani na chokaa nene nje. Alipolitoa lile gazeti alilikunja na kuliweka katika pindo la kanga yake, hakuliacha kwenye nyumba ya watu.

Mara moja nilimbana. Tulikuwa tumepiga magoti mbele ya tundu moja, mimi nashika ubao, mume wa mwenye chumba akiimba penye dijonteri.

"Mama, hii nani aliiweka?"

"Muntu."

"Muntu gani?"

"Muntu wa haraka. Shika ubao vizuri."

Kapend yeye hakutaka tuingie kwake. Alishapaka rangi chumba chetu kilichoungua, akapangisha tena, na vile vingine vitatu vilikuwa na prizi zilezile. Alisimama getini amevaa soksi.

"Nyumba ni yangu."

"Nyumba ni yako," Mama Mwimbishaji akasema. "Bantu beko ndani ni ba Mungu."

"Basi Mungu akuje mwenyewe na turnevisi."

Jioni ile ile Mama Mwimbishaji alihamisha mazoezi ya kwaya. Yakafanyika mbele ya geti la Kapend, sauti zote nne, kwenye vumbi, wimbo mmoja ukirudiwa tangu mwanzo kila alipokosea mtu, na siku hizo walikosea sana. Kapend alipata wageni, walisubiri ubeti uishe ndipo wapige hodi. Alitoka akapiga kelele, besi zikamfunika. Alimwita Mulamba, mkubwa wa avenue, naye Mulamba akakuta mke wake amesimama safu ya mbele anaimba kwa nguvu kuliko wote. Akarudi nyumbani. Hiyo ndiyo siku pekee nilipomwona Mulamba akinyamaza, na mshumaa wake.

Mwisho geti likafunguka.

"Ingieni," Kapend akasema. "Lakini nikuulize, mama. Mwana wako njo aliziweka hizi. Na weye njo unakuja kunifanyia fujo mlangoni? Si ungeenda Kakanda ukamuimbie yeye?"

Watu wote wa kwaya wakatazama chini. Mimi nilimtazama Mama Mwimbishaji. Nikasema moyoni, leo. Leo kwa sababu ya huyu mbaya atalisema.

"Dijonteri iko wapi?" akauliza.

Nilimchukia pale. Naandika hivyo bila kupunguza. Nilimchukia, na alipogeuka akaniambia, "Weye njo utaimba," nilikuwa karibu kumwachia turnevisi yake niende.

"Kwa nini minye? Kuko kwaya nzima."

"Sauti yako ni mbaya," akasema. "Hata nikifa nitaitambua."

Kwaya ikacheka, na kwa aibu yangu mimi pia. Nikasimama katika ukumbi wa nyumba iliyomla Béa, mkono ulioungua juu ya dijonteri, nikaimba kwa sauti mbaya mpaka alipomaliza prizi ya mwisho. Chumba chetu cha zamani alikifanya peke yake, mlango umefungwa. Alikaa humo kuliko kazi ilivyotaka. Sikunyamaza hata kumeza mate.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Angeweza kukufanya umsaidie na umchukie kwa saa ileile.

Kisha nilihama, nikaenda upande wa soko ambako kushona kunalipa, na tukawa tunaonana kwa nadra. Alisalimia kwa kuuliza, "Yako haichezi?" nami nikajibu haichezi. Nikasikia ameacha kwaya. Nikasikia ugonjwa umempiga upande mmoja, amepona, lakini mguu anauburuta. Sikwenda. Nilijiambia, aje aniambie kwanza. Ndipo Mama Odette aliponipitia kwenye meza yangu ya kushona, akasema, "Fiston amemuletea mama yake mutoto wake amulee, kamwana kadogo. Alimushusha tu pa gari, hakuzima hata mashine." Kesho yake nikachukua unga wa bukari na ndakala kavu, wale dagaa, nikapanda taxi-bus.

Ilikuwa alasiri. Umeme ulikuwapo, redio za jirani zilikuwa zinalia. Nilipiga hodi kama mtu mwenye adabu, akaniambia niingie. Alikuwa kwenye kiti, mdogo kuliko nilivyomwacha, mkono mmoja mapajani kama si wake. Kiatu kidogo cha mtoto kilikuwa mlangoni, mwenzake chini ya meza.

"Mushonaji. Nilifikiri umekufa."

"Ulitaka nikufe bila kukuaga?"

"Ulikuwa na mazoea mabaya siku zote. Mutoto iko ku masomo. Kaa."

Sikukaa. Sijui nilijifunza lini tabia hiyo, lakini miguu ilinipeleka kwenye kibambazi. Sebule yake nayo ilikuwa imegawanywa kwa jipsi, upande wa pili ni chumba cha kulala. Televisheni ilikuwa imezimwa. Waya wake ulikwenda kwenye prizi, na prizi ilikuwa imefungwa kwa utepe mwekundu, ule wa mavazi ya kwaya, umepigiliwa misumari juu na chini. Niliiwekea vidole viwili. Ikatoka yote pembeni mwa utepe, bwati na waya zake, ikanijia mkononi kama jicho. Nyuma yake kulikuwa na gazeti.

"Hiyo iache," akasema.

Nikazunguka hadi chumbani. Nilitaka kuona upande wa pili. Upande wa pili kulikuwa na godoro dogo lenye shuka la maua. Prizi ya chumbani, mgongo kwa mgongo na ile ya sebuleni, ilikuwa inachungulia nje ya tundu lake, na godoro lilikuwa limesimamishwa ubavu, limesukumwa pale kuishika.

Nilisimama. Mkono huu uliniwasha kama umeungua jana.

"Mama," nikasema nikirudi, "nani alisukuma godoro?"

"Usiku nalishusha. Muchana nalirudisha. Inatulia."

"Weye? Weye mwenye kupita mu nyumba za bantu?"

"Nimekuambia uiache."

"Sitaiacha."

"Ni kazi yake ya kwanza," akasema. Alisema akitazama kile kiatu. "Alikuwa kijana. Alikuja na waya yake begani kama mupadri na stola, akasema, mama, sasa hautakaa tena mu giza. Aliwasha taa, akacheka. Hii moja nilisema nitaiacha. Zingine zote nilizitoa. Hii moja tu."

"Na ile ya kwa Kapend, ilikuwa ya ngapi?"

Nje redio ilikuwa inatangaza matangazo ya kifo. Nikalifungua kopo la biskuti, lilikuwa pale pale juu ya kabati, visi zimepata kutu kidogo. Nikachagua ubao, nikatoa uzi wangu mwenyewe kwenye mkoba.

"Utaharibu kazi yake," akasema.

"Kazi yake iliniharibu minye. Simama, mama. Kwenda ku dijonteri."

Nilidhani atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kukaza bila yeye, kwa kumwita jirani yeyote aje kuimba hata matangazo ya redio. Akashika ukingo wa meza kwa mkono mzima, akajiinua, akauburuta mguu hadi ukumbini, akipumzika penye mlango. Nikasikia dijonteri inashuka. Redio za jirani ziliendelea, umeme wetu tu ndio ulikatwa.

Akaanza kuimba. Ile sauti nzito haikuwapo tena. Iliyobaki ilikuwa kama hewa inayopita chini ya mlango, nami ilinibidi nizuie pumzi ili niisikie. Nilikata utepe. Nilitoa gazeti, nikalikunja, nikaliweka kwenye kanga yangu. Nikapitisha ubao, nikaugeuza, nikauvuta. Nilikaza visi ya kwanza, ya pili, nikairudisha bwati. Nikaenda chumbani kufanya upande wa godoro, na wimbo ukanifuata humo, mwembamba, bila kukatika. Pale nilifanya polepole kuliko nilivyowahi kufanya popote. Visi upande huu. Visi upande huu. Niliirudisha bwati, nikaanza kuikaza kwenye ubao.

Wimbo ukakatika.

Nilitoa mkono kabla sijawaza. Nikakimbia ukumbini nikijua nitamkuta chini. Alikuwa amesimama. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya dijonteri, umeikaba mpaka kucha zimekuwa nyeupe, na paji la uso ameliegemeza ukutani.

"Mama? Umechoka?"

"Fiston njo alimuua mudogo wako," akasema kwenye ukuta. "Mutoto wangu. Alijua ile tundu ni kubwa. Aliniambia siku ile ile, hapa, akiwa anakula. Alisema, mama, moja nimeiacha vile, nitarudi kuikaza. Nikamuambia kula kwanza."

Miaka yote nilikuwa nimelitayarishia neno lile jibu, nililishona na kulifumua usiku na mchana, na lilipokuja, jibu halikuwapo. Sikumwambia si kitu. Ni kitu. Sikumwambia nimesamehe, kwa sababu sijui kama nimesamehe, na Fiston yuko Kakanda, anakula. Nilimtazama yule mama, mkono wake bado haujaiachia dijonteri. Nyuma yangu waya zilikuwa wazi, mita chache kutoka kwenye shuka la maua, na mtoto angerudi kutoka shule.

"Imba, mama," nikasema. "Bado visi moja."

Nikarudi chumbani, nikapiga magoti, nikangoja vidole vikiwa nje. Akakohoa. Akaanza wimbo upya, tangu mwanzo.